Mlango wa Kihenge

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba. Huku Kasense hatujambo. Ulezi umeanza kuchanua, na shangazi yako wa Mazwi amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini mwalimu wenu wa kutengeneza programu za kompyuta amewatuma kwanza mkakae na wenye maduka, kabla hamjaandika chochote. Kompyuta siijui, lakini swali lako limenikumbusha kihenge.

Mwaka tulipooana, babu yako alinijengea kihenge cha kuhifadhia ulezi. Alikisuka vizuri, kirefu, na mlango akauweka juu, kama alivyozoea kwao. Siku ya kwanza ya kuchota nikasimama na kikapu changu, mkono haufiki.

"Mbona hukuniuliza?" nikamwambia, huku nikiogopa atakasirika.

Akakaa chini, akasema, "Hebu fanya kama unachota, nikuone."

Nikaigiza, nimeinama, kikapu kiunoni. Alinitazama kwa makini mpaka nikaona aibu. Jioni kihenge kilikuwa na mlango mwingine mdogo, usawa wa kiuno changu.

Tangu hapo, jirani akimwomba amjengee, hakushika fito kabla hajamwona mama wa nyumba hiyo akichota.

Sasa nami nina hamu ya kujua. Huyo mwenye duka uliyepangiwa, umemwona akifanya nini ambacho mwenyewe hakukuambia?

Nakuombea kila siku.

Bibi yako,
Yustina