Kikohozi Chako Nimekisikia Biharamulo

Mama Deo wangu,

Salamu tele. Boma hili la Wajerumani, la kwenye picha ya kadi hii, sijalifikia. Kale kamwinuko kalinishinda, nikakaa chini nikihema.

Wakanileta hospitali, daktari kanitoa damu mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, kinachobana ni kifua." Akacheka. Kumbe damu huonyesha kama moyo unahangaika kuisukuma kwenye mapafu yaliyochoka. Wangu unahangaika. Akauliza kama navuta sigara. Nikasema hapana, ila napuliza moto kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe.

"Basi ni moshi huo, mzee."

Leo asubuhi mama mmoja wodini kakohoa, nikageuka nikidhani ni wewe unawasha kuni. Panda basi, mke wangu, upimwe nawe. Sindano ikiingia, nitakushika mkono.

Baba Deo wako