Na Panga, Kwa Panga

Alhamisi, Juni 1996

Mkono huu wa kulia natamani kuuvunja.

Wiki jana niliwasomea Kidato cha Tatu riwaya inayotoboa mwisho ukurasa wa kwanza: mtu ameshauawa, na muuaji tunamjua. Wakanung'unika kwamba utamu umeisha. Nikawaambia, "Mwisho ukitangulia, msomaji haulizi nini kitatokea. Anauliza kwa nini hakuna aliyezuia." Nikawapa insha ya namna hiyo.

Kathambi, yule msichana mkimya wa Mitunguu, alianza hivi: "Baba alimuua mama na panga."

Kimeru kitupu! Kwetu "na" ndiyo "kwa". Nikaisoma mbele ya darasa. "Kwani panga nalo liliuawa?" Wakacheka, wakagonga madawati. Yeye hakucheka. Nikakata "na" kwa wino mwekundu, nikaandika "kwa", nikampa kumi na mbili kwa ishirini.

Leo asubuhi babake amemkatakata mamake katikati ya migomba. Shingo, mikono, mgongo. Amekata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Chifu anasema kijiji kizima kilijua mzee alikuwa akitishia, ila hayo ni mambo ya nyumbani.

Nilitaka kumkaba koo. Lakini yeye aliambiwa kwa mdomo tu. Mimi niliandikiwa.

Nilimkuta Kathambi ofisini akingoja kuchukuliwa, daftari kifuani, macho makavu.

"Mwalimu," akaniambia, "nilifanya masahihisho. Sasa ni kwa panga, sivyo?"