Pikapu Iliyogoma Kuuzika

Rusimbi, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje tangu baridi ianze huko Makambako? Na macho, bado unaona mlango ukiwa jikoni, au shemeji ndiye anayekushika mkono? Shemeji, wewe unayemsomea mama barua hii, usimfiche kitu, na nilipoandika kwa hasira usipunguze. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo watu wa mtaa huu wanataka kuniharibia.

Mama, uliniuliza kama pikapu itauzwa ukiwa bado unaweza kuniona. Swali hilo limeninyima raha. Nauli ya kunirudisha nyumbani na mtaji wa kuanzia huko vimo ndani ya bati lile bovu, sina kingine. Kila mteja ninayempata, majirani wananifukuzia.

Alikuja mwenye duka wa Ujiji, mtu mstaarabu, akaketi kwenye usukani akaanza kutabasamu. Bi Zuhura, muuza dagaa wa nyumba ya pili, akasogea dirishani. "Baba, hii ndiyo inayotupelekea maiti makaburini." Yule bwana alishuka kama aliyekalia siafu. Ni kweli, sikatai. Hapa mwenye gari hakatai msiba, wala mama mwenye uchungu. Na tangu Warundi waanze kuteremka na maboti kutoka Kagunga kule mpakani, nimebeba wagonjwa kutoka ufukweni hadi springi zikalala. Lakini ndiyo habari ya kumpa mteja?

Juzi akaja Mzee Ntabaye, mkulima wa kahawa wa Kalinzi. Nilimfurahia kwa sababu hakuuliza habari za stata, ambayo ilishakufa zamani, ndiyo maana naegesha mteremkoni siku zote. Akaizunguka pikapu, akaipapasa ubavuni, kisha akasema, "Waite majirani zako."

"Wa nini, Mzee?"

"Kwetu hatununui ng'ombe bila kuwauliza majirani. Wao ndio wanajua kama anapiga teke."

"Mzee, hii si ng'ombe."

"Ego, kweli si ng'ombe. Lakini inakula, na inaweza kunitupa korongoni. Waite."

Nikawaita, mama. Nikanunua na pombe ya ndizi, na soda ya Bi Zuhura, nikidhani watu wakishakunywa changu watanionea haya. Ujinga wangu. Kumbe kwa desturi hiyo jirani akificha kasoro, aibu ni yake, na hawa hawakutaka aibu hata kidogo. Bi Zuhura akasema breki hazishiki mpaka uzibembeleze. Fundi baiskeli wa pale kona, ambaye nimembebea vyuma vyake bure miaka yote, akasema inakunywa oili kuliko petroli. Mimi nimesimama pale kama mshitakiwa.

Akabaki Mama Nyanzira, nikapumua. Huyu ni mkimbizi wa Kirundi, siku hizi amepanga chumba mtaani kwetu. Siku aliyoshuka botini nilimpakia kumpeleka hospitali, akajifungua nyuma ya pikapu kabla hatujafika. Kwao mtoto wa njiani huitwa hivyo, Nyanzira. Nikajua huyu atanitetea.

"Oya, hapana, Mzee, usinunue," akasema. "Inazimika milimani. Na wewe unakaa milimani."

Nilishindwa kuvumilia. "Mama Nyanzira, hata wewe? Si ndimo alimozaliwa mwanao?"

Akatazama chini. "Ndimo. Lakini ikiondoka, na wewe unaondoka. Mimi nimeshaachwa na watu wa kutosha."

Bi Zuhura akajidai kukaza khanga yake, fundi akatazama ziwani. Mama, nilizidi kukasirika, maana sasa sikuwa na wa kumkasirikia.

Mzee Ntabaye akamaliza pombe yake taratibu, akamgeukia yule mama. "Siku ile ya mtoto, ilizimika?"

Mama Nyanzira akainua macho. "Haikuzimika."

"Basi nanunua."

Walewale walioitukana ndio walioisukuma ikawaka. Kabla ya kuondoka, Mzee alifungua kamba niliyokuwa nikifungia mizigo, akanikabidhi mkononi. Kwao ng'ombe anauzwa, kamba inabaki kwa aliyemfuga. Nilisimama nayo barabarani mpaka mlio ukapotelea upande wa Kalinzi, na nililia, shemeji asiruke hapo.

Msalimie kaka, mwambie aache kuuza mbao zangu. Mpe shangazi, dada yake marehemu baba, shikamoo yangu, na mjomba wa kanisani pia. Nitapanda treni wiki hii. Majirani wananifungia dagaa wako, na wananinunia wakati huohuo.

Ukinipokea sina uso wa furaha, usidhani sikutaka kuja. Na ile kamba mizigoni, mama, wasianikie nguo.

Mwanao anayekuja,
Festo