Njugu za Dari

Ikutha,
Jumatatu, 24 Februari 2025

Kwako dada yangu Syombua,

Pokea salamu zangu na za wote wa boma hili. Goti linaendeleaje? Je, zile tembe zimesaidia, au bado unashuka ngazi za duka kinyumenyume? Na shemeji, amepata kula vizuri tangu atolewe jino? Sisi huku Mungu ametushika. Jua ni kali na vumbi ni jingi, lakini hakuna aliyelala kwa ugonjwa. Mbuzi ni kumi na tisa. Mmoja amezaa pacha juzi, basi niseme ishirini na mmoja.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, dada, unaiweka spika juu ya kaunta, na nusu ya Mukuyuni inasikiliza huku ikinunua sukari. Tena kwenye simu hunikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Ijumaa uliniuliza kuhusu zile kilo mbili za njugu nilizokutumia kama sampuli ya mbegu. Ulisema zimenona kwa nje, lakini ulipopasua kumi, mbili zilikuwa na shimo jeusi katikati. Nikakuambia ngoja nikaulize. Jibu nililipata siku ile ile, nikakuficha. Lakini siwezi kukupa jibu peke yake, kwa hiyo vuta kiti.

Wifi yetu Kalunde unamjua kwa ile sura anayokuja nayo dukani kwako. Mimi ninamjua kwa miaka sita ya kupakana naye. Mbaluka ndugu yetu alipomleta kutoka mji wa Wote alikuwa msusi, kucha ndefu, hajui njugu inazaa chini ya udongo. Nakuambia ukweli, siku ya kwanza shambani alitafuta maganda juu kwenye majani! Nani alimwonyesha? Mimi. Nilimpa mbegu mikebe miwili ya gorogoro, nikamwonyesha nafasi ya mstari hadi mstari, nikamfundisha kupalilia bila kukata mizizi. Mimi niliyeanza na kukaanga njugu kwenye sufuria iliyotoboka nikiuza sokoni, hadi nikanunua ekari tatu na kuzichimba mitaro kwa mikono hii. Sikupewa na mtu.

Sasa mwaka jana, mvua zile zile, udongo ule ule wa mchanga, mtaro mmoja tu ukitutenganisha, yeye akavuna njugu zilizojaa na mimi nikavuna mapepe. Na shamba langu ndilo lililokuwa zuri kwa macho! Nililijaza mbolea ya mbuzi, majani yakawa ya kijani hadi wapita njia wakasimama. Kumbe chini ni maganda matupu. Ukitikisa, kimya. Ukibonyeza, hewa. Ndipo wewe dada ukanipigia na kuniambia, nakumbuka kila neno, kwamba Kalunde ana mkono wa njugu na kwamba niende nikajifunze kwake. Nikajifunze kwake! Nilikata simu nikasema ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Msimu huu tulipanda mwishoni mwa Oktoba. Ilipofika wiki ya mwisho ya Novemba, maua ya njano yametoka, zamu ya mwethya ikawa kwa Kalunde. Wewe uliondoka huku zamani, lakini kikundi chetu bado kinakwenda vile vile: wanawake kumi na mmoja, leo tunapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika. Tulifika tukamkuta ameshika beseni, anatembea mstari kwa mstari akinyunyiza unga mweupe kwenye mashina. Tukamuuliza ni nini. Akasema ni jasi, ile ambayo kule duka la pembejeo, agroveti, wanaiita jipsamu, kilo hamsini kwa nusu ekari yake. Alisema njugu ina njaa ya kalisiamu na salfa, na wakati wa kuilisha ni huu wa maua, kabla vile vijiti vyake havijainama na kujichoma ardhini.

Kisha akafanya jambo lililonichoma. Mbele ya wote alisema amebakisha robo mfuko, na kwamba wifi yangu Katunge achukue bure, maana msimu uliopita zake zilikuwa mapepe.

Alilisema kwa wema. Najua sasa. Siku hiyo nilisikia neno moja tu, mapepe, na nikaona macho yote yakigeuka kuniangalia. Nikamwambia asante mama, lakini jipsamu ninayoijua mimi ni ile wanayobandika juu ya sebule za matajiri, na mimi ninalima njugu, silimi dari. Woi, walivyocheka! Mmoja alikaa chini kabisa. Mwingine akamuuliza Kalunde kama njugu zake zitazaa na balbu. Kalunde naye alicheka kidogo, akaendelea kunyunyiza, lakini shingo yake niliiona ilivyokaza.

Lile neno halikubaki shambani. Lilikwenda sokoni Jumanne, likapanda magari ya mizigo, na kabla ya Krismasi wateja wako wa Mukuyuni walikuwa wanakuuliza kama una zile njugu za dari, maana hawataki kula simenti. Ukanipigia kuniuliza kama ni kweli. Nilikujibu kwamba mimi si mtu wa maneno, ila unga mweupe nimeuona kwa macho yangu. Kila neno hapo ni la kweli, dada, na jumla yake ni uongo. Sikukuambia kwamba jina la dari nimelitoa mimi. Sikukuambia kwamba unga ule unakwenda kwenye udongo, kama mbolea yoyote. Nilikuacha ukate shauri mwenyewe, na ukakata. Ulimwambia Kalunde asikuletee hata kilo moja, na ile kazi ya kuleta mbegu za wanawake thelathini na wawili wa kanisa lako ukasema utanipa mimi, mradi nikutumie sampuli kwanza.

Tulivuna wiki ya pili ya mwezi huu. Mimi si wa kukisia, nilihesabu. Nilichukua maganda mia moja kutoka shamba langu bila kuchagua, nikayapasua. Yaliyojaa yalikuwa arobaini na moja. Nikapeleka gunia langu kwenye mizani ya Halima pale agroveti: kilo ishirini na mbili. La Kalunde, lenye ukubwa ule ule, lilikuwa limetangulia kupimwa: kilo thelathini na nne.

Wewe ni mfanyabiashara, najua tayari umeshajiuliza. Kama gunia langu ni jepesi hivyo, zile kilo mbili zilizonona zilitoka wapi?

Zilitoka mistari mitano. Siku mbili baada ya mwethya, Kalunde akiwa kwenye maombi ya Jumatano, niliingia ghalani kwake. Nilichota gorogoro moja kutoka kwa ule mfuko alionipa bure mbele ya watu nikaukataa. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, nikaiba nilichokuwa nimepewa! Nilinyunyiza kwenye mistari mitano ya kule nyuma, hatua thelathini kila mmoja, ambako hakuna anayepita. Nilijiambia ninataka kuhakikisha tu kwamba haifanyi kazi. Nilipovuna mistari ile kando na kuhesabu mia yake, themanini na nne zilikuwa zimejaa. Nilihesabu mara tatu nikitafuta kosa. Kosa halikuwepo. Nikakuchagulia wewe kilo mbili kutoka pale, nikakuacha uamini kwamba ndivyo shamba langu lote lilivyo.

Kuhusu shimo jeusi, Ijumaa ile ile nilikwenda kwa Halima nikijifanya ninaulizia jirani. Halima akaniambia huyo jirani ana bahati kupata mtu wa kutembea juani kwa ajili yake. Lakini alinieleza vizuri. Ganda la njugu, alisema, linakunywa kalisiamu lenyewe kutoka udongo unaolizunguka. Inayonyonywa na mizizi inapanda juu kwenye majani na hairudi chini. Ndiyo sababu majani yangu yalipendeza na maganda yakabaki matupu. Na lile shimo ni ukosefu wa boroni, madini mengine ya kulisha udongo. Kalunde alinunua kilo moja yake tu kwa nusu ekari, akaichanganya na mchanga ili ienee, kwa sababu ukizidisha inaunguza mmea. Mimi nilipoiba sikujua kama kuna kitu cha pili. Basi ulichokiona ulipopasua zile mbili, dada, ni alama ya mwizi aliyebeba nusu ya dawa.

Pengine ningenyamaza hata hivyo. Nisikufiche, nilikuwa nimeshajaza magunia sita ya mapepe yangu, nimeyashona, na nimepanga kuweka zile zilizobaki za mistari mitano juu juu ya kila gunia. Lakini mkono wangu umezoea kupima. Nililaza punje ishirini zangu ndani ya gunia lililoloweshwa maji, na pembeni ishirini za Kalunde nilizookota njiani alipomwaga. Nilichagua zangu zilizojaa, zile nzuri. Siku ya sita niliinua gunia. Zake kumi na nane zimechipua. Zangu tisa. Kumbe hata ile iliyojaa, kama mama yake alikuwa na njaa, haina nguvu ya kuota. Nikapiga hesabu ya wanawake thelathini na wawili, wameinama kwenye mvua ya Machi, wanafukia mbegu ambayo nusu yake imekufa tayari, halafu wanakuja kusimama mbele ya kaunta yako. Watakuuliza wewe, si mimi. Jina ni la Syombua.

Basi jana baada ya ibada nilikwenda kwa Kalunde. Nilimkuta jikoni anabangua. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia dari hadi gorogoro. Hakuniambia nikae. Aliendelea kubangua, kisha akaniuliza zilizojaa kwenye ile mistari mitano zilikuwa ngapi kwa mia. Nikamwambia themanini na nne. Akasema zake ni tisini na moja.

Aiya, dada! Ninatubu, machozi yananitoka, na huyu mwanamke bado ananishinda kwa saba!

Halafu akaacha kubangua. Akasema gorogoro ameisamehe, ilikuwa yangu tangu mwanzo. Lakini neno la dari, alisema, haliishii jikoni. Lilitupwa mbele ya watu, litaokotwa mbele ya watu. Aliniambia kwamba tangu Desemba watoto wake wanaitwa watoto wa fundi wa dari shuleni, na Mbaluka ameacha kwenda sokoni siku ya Jumanne. Hayo sikuyajua. Au niseme hivi, sikuuliza. Jumamosi zamu ya mwethya ni kwangu. Watakuwa kumi, nitawapikia, na kabla hawajashika jembe nitawaambia nani alitunga lile jina na mistari yake mitano ilikuwa wapi, waende wakapaone. Yule aliyekaa chini kwa kicheko atacheka tena, na safari hii ataninyooshea mimi kidole.

Magunia sita yatakayoshuka na pikapu Alhamisi pamoja na barua hii ni ya Kalunde, amekubali kukuuzia. Nimeyapima yote, hakuna lililo chini ya kilo thelathini na tatu. Malipo mpelekee yeye kwa simu yake, yasipitie kwangu. Waambie wateja wako kwamba jasi ni chakula cha udongo, na wakitaka kujua nani alisema vinginevyo, una ruhusa yangu kutaja jina. Zile kilo mbili za sampuli kaangeni mle, msizipande. Na ukimpigia Kalunde kumwomba msamaha, kwa sababu na wewe unalo la kuomba, uliamini haraka, basi msifu. Ni haki yake. Ila msifu nikiwa sipo. Nimejaribu kujitoa huu wivu kama mtu anavyojitoa mwiba na umetoka nusu tu, nusu ingali ndani inauma nikikanyaga. Wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka, na sikuzoea kukugawana na mtu.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wa kanisa lako, hasa wale thelathini na wawili. Waambie mbegu waipande kavu, wasiiloweke, na maua yakitoka wasisahau kuilisha. Mungu alilinde goti lako. Kama umenikasirikia niandikie, usinipigie. Nataka kusoma polepole.

Ni mimi mdogo wako,
Katunge