Nyeupe ya Shela

Kaka Ilyasi,

Huku mtaani Asiatique tupo, alhamdulillah. Harusi ya mudogo wetu Sumaya ilipendeza, ila video yake inanitesa. Kamera ya studio imetoa watu wekundu, simu ya shemeji imewatoa manjano, na mi natakiwa kuziunganisha zionekane moja. Shela ya bibi harusi ndiyo kipimo changu: ikiwa nyeupe kwenye zote mbili, basi rangi zimekubaliana.

Jana zilikubaliana. Shela nyeupe, kanzu nyeupe, kofia za wazee nyeupe. Macho ya mama tu yamebaki manjano, kwenye picha zote.

Nilipomuonyesha alicheka: "Apana, ni kamera zako mbaya."

Kaka, mupigie we. Mi nimeshindwa kumuambia kwamba kamera hazina kosa tena.

Dada yako,
Yasmina