Kisiki Kilichosimama Chenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU MTI ULIOKUTWA UMEKATWA MSITUNI

Jina: Mzee Msumeno (hakuna anayeniita vingine)
Umri: Sabini na kitu, hicho kitu alikijua mama yangu
Kazi: Fundi vitanda, nimeachishwa na mgongo
Elimu: Darasa la nne na nusu
Makazi: Chumba cha uani, nyuma ya mashine ya kusaga

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema hivi, na afande anaandika ninavyosema, ingawa ameshacheka mara mbili na mimi sijamruhusu.

Mnamo Jumanne, tarehe 14, asubuhi kama saa mbili, niliingia msituni na shemeji yangu kutafuta kuni za nyumbani. Shemeji huyu ni mjane wa marehemu mdogo wangu, na ndiye mnayemshikilia tangu jana. Sheria ya msitu ule hata mbuzi anaijua: kilichoanguka chukua, kilichosimama kiache. Upepo wa Jumapili ulikuwa umeangusha mti mmoja, ukang'oka nusu. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa juu, imebeba udongo kama sinia, na ya upande wa pili bado imo ardhini. Matawi tuliyakata kwa panga. Shina nililikata mimi kwa msumeno wangu. Mimi, si yeye. Yeye alikuwa akifunga mizigo na kunikosoa.

Msumeno ulipopenya upande wa pili, uzito wa shina ukaondoka, na kisiki kikajiinua, kikarudi kwenye shimo lake, puu! Kikasimama wima. Nikasema, "Shemeji, maiti kafufuka." Akajibu, "Huo ujanja ungemfundisha mdogo wako." Tukacheka mpaka nikashika mbavu.

Kicheko kikanishuka tumboni. Nikampa msumeno anishikie, nikaingia kichakani kujisaidia. Nikiwa nimechuchumaa nikamsikia mlinzi wa msitu.

"Mama, umekata mti uliosimama."

"Umeanguka, baba. Upepo wa juzi."

"Ulioanguka kisiki chake kiko wima?"

"Kimesimama chenyewe."

"Kilichoka kulala, eh? Uko na nani?"

Hapo nilikanyaga kijiti, kikalia. Shemeji akageuka, na kupitia majani tukaonana macho kwa macho. Alikuwa na msumeno wangu mkononi.

"Niko peke yangu," akasema. "Huyo huko ni nyani mzee tu."

Mlinzi akamchukua, yeye na msumeno.

Afande ameniuliza kwa nini sikutoka. Mwanzo nilijiambia suruali iko miguuni. Kisha suruali ikapanda, mkanda nikaufunga, na bado nikakaa. Mlinzi yule tuna neno naye. Mwezi uliopita alininyooshea rungu lake akinionya, nikamuuliza kama mti wa rungu hilo nao ulianguka wenyewe. Watu walimcheka. Akaniambia, "Siku nikikukuta na msumeno, mzee, vichekesho hivyo utampelekea hakimu." Basi nikaogopa. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Siku ile langu lilikuwa wazi kabisa, na bado sikuliona.

Sasa andika na hili, afande, usiliruke. Walipoondoka nilijitwisha mzigo wa kuni, ule aliokuwa ameufunga yeye. Nikaenda nao nyumbani, nikabandika chai. Zilikuwa mbichi, zikatoa moshi mtupu. Jirani akauliza kulikoni machozi. Nikamwambia ni kuni.

Jioni alikuja binti mkubwa wa shemeji, mtoto mgongoni. "Baba mkubwa, mama yuko wapi? Si mlitoka wote?"

Nikasema, "Tuliachana njiani, mwanangu. Labda kapitia sokoni."

Alitazama jikoni. Kamba iliyofunga zile kuni ilikuwa kipande cha kanga ya mama yake. Kisha akatazama ukutani, pale penye msumari, na kuuliza, "Msumeno wako uko wapi, baba mkubwa?" Mimi ambaye sijawahi kukosa la kumjibu mtu, niliinama kupuliza moto. Hakunitukana. Alimpandisha mtoto mgongoni vizuri, akaondoka.

Sikulala vizuri. Leo asubuhi nimevaa viatu nikaja hapa.

Naomba mwende mkakitazame kisiki. Udongo umepasuka kukizunguka. Kisukumeni tu, kitayumba kama jino la mtoto. Msumeno ni wangu, mpini niliuchonga mwenyewe kwa mguu wa kitanda. Kama kuna wa kufungwa, mtu wenu ni mimi, na nyuma ya nondo sitamchekesha mtu.

Yote niliyoyajua nimeyasema. Hakuna aliyenilazimisha, isipokuwa aibu.

Sahihi: Mzee Msumeno (ametia na dole gumba, asije akasema si yake)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya. Aliomba neno "kujisaidia" lifutwe, kisha akasema libaki. Nimekwenda msituni nikiwa na mlinzi. Kisiki kilisukumwa kwa mkono mmoja, kikalala. Kilipoachiwa kikasimama tena. Mlinzi amekiri kuwa hakukigusa siku ile. Mtuhumiwa ameachiwa huru. Alipoulizwa kama anamfahamu shahidi aliyekuwa amekaa kwenye benchi akitazama sakafu, alijibu: "Namfahamu. Ndiye yule nyani. Mwambieni arudishe kuni zangu."