Shimo Jeusi na Chumba cha Mutua

Alhamisi. Baridi ya Julai, ile ya kuvaa sweta mbili na bado ukasikia uko uchi. Jua tulilisahau wiki jana. Sina hasira, sina huzuni, hata njaa sina.

Niko tu.

Jana Mama Brayo alinipigia. Ndiye keateka, mwangalizi wa ile ploti ya vyumba vya kupanga huko Kawangware alikokuwa anakaa kaka yangu Mutua. Mutua alitoka kwenda kazini mwaka jana, kuchomelea mageti mahali, na hajarudi mpaka leo. Tumezunguka hospitali, mochari, vituo vya polisi. Ukipiga simu yake ni yule dada wa kusema mteja hapatikani, siku hizi namjua sauti kuliko shangazi zangu. Sasa mwenye nyumba amechoka kungoja. Mama Brayo aliniuliza bila kuzunguka: "Niambie tu ukweli. Anarudi ama harudi?"

Mama yetu, kutoka Kitui, alishasema chumba kisiguswe. Ukitoa vitu vya mtu kwake, anasema, umeshamzika.

Nilipewa hadi leo jioni niamue kama nitatoa vitu vyake.

Asubuhi nikaenda kufundisha, kwa sababu ndiyo kazi. Shule yetu iko hapa Soweto West, Nairobi, mabati juu mpaka chini. Gredi ya nane hawataki tena sayari, wameona mambo kwa simu za wazazi wao, kwa hivyo nikaandika ubaoni SHIMO JEUSI. Wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya dawati. Huku kwetu shimo ni choo, na kila asubuhi tunakipangia laini. Siku zingine ningecheka nao. Leo niliwangoja tu wamalize.

Nikawaambia hakuna aliyelichimba. Ni nyota kubwa iliyomaliza moto wake ikajiangukia yenyewe, uzito wote ukabanwa mahali padogo mpaka mwanga ukiingia hautoki. Ukiingia miguu mbele, miguu inavutwa zaidi kuliko kichwa, unarefuka kama unga wa chapati uliokandwa. Hapo wakasogea mbele kwenye madawati.

Kisha nikawapa ile sehemu ambayo huwa naipenda. Ukiwa mbali unamtazama mtu akianguka humo, hutawahi kumwona akiingia. Utamwona akipunguza mwendo, akipunguza, mpaka pale ukingoni ni kama amesimama. Anakuwa mwekundu, anafifia, halafu huoni kitu. Lakini yeye, kama shimo ni kubwa sana, anapita pale ukingoni bila kusikia chochote. Kwake ni siku ya kawaida.

Nilikuwa nimeshamaliza kusema ndipo nikajisikia nimesema nini.

Achieng, yule wa mbele, akainua mkono. "Ticha, si kuna ingine ya kutokea upande ule mwingine?" Alimaanisha tundu la mnyoo, ile njia ya mkato ya angani. Nikamwambia kwa hesabu iko, lakini hakuna mtu ashawahi kuiona. Akashukuru, akakaa. Mama yangu anaishi kwa ile nusu ya kwanza ya hilo jibu.

Nilipofika Kawangware baada ya shule, majirani wa Mutua walinipokea kama kawaida. "Umepotea sana!" Nairobi hii usipoonekana wiki mbili umepotea, na jibu ni moja, unasema niko tu, mnacheka, mnaendelea. Nikasema niko tu. Ndivyo hata Mutua alivyonijibu mara ya mwisho tulipoongea kwa simu. Nilimwambia amepotea, akacheka, akasema, "Niko tu, siste."

Chumba kilikuwa kinanuka vyuma na shuka zilizokaa. Sufuria ilikuwa imefunikwa juu ya stovu na miwani yake ya kazi imening'inia msumarini. Nilikaa kitandani nikingoja kulia. Hakuna kilichokuja. Nikaanza kukunja nguo.

Hapo ndipo nilipojua nimeamua.

Nikampigia mama nikamwambia kwa Kikamba, polepole, kwamba ninatoa vitu. Nilijua atanigombeza, na kusema kweli nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Akauliza kama nimeona viatu vyeusi vya Mutua vya kanisa. Nikasema viko. Akasema vingine nigawe, lakini hivyo nivipake rangi niviweke kwangu, asije akakosa cha kuvaa.

Pole mama. Hata hilo neno pole nilishindwa kukwambia kwa simu.

Mama Brayo alinisindikiza mpaka nje. Lile geti la ploti ni Mutua aliyelichomelea, nimepita hapo mara nyingi bila kulitazama. Nikampa funguo. Akanishika mkono akasema yale ambayo kila mtu husema mkiachana: "Basi usipotee."

Nilifungua mdomo kujibu lile jibu letu. Halikutoka. Nikalishika lile geti nikalia, mimi mtu mzima, watu wakipita na mandazi yao, na Mama Brayo akasimama tu kando yangu bila kuniambia ninyamaze.

Sasa niko kwangu Kambi Muru, karibu na shule. Viatu nimevipaka rangi, viko mlangoni. Nimeviangalia sana.

Mutua, huko uliko, mtu akikuuliza, bado unasema uko tu?